Sura ya Sita: Karatasi Iliyo Chini ya Gemu

Tarehe 12 Septemba 2023, kampuni ya Unity Technologies ilitangaza ada mpya. Kuanzia Januari 1, 2024, gemu yoyote iliyotengenezwa kwa injini yake, yaani programu ambayo gemu hujengwa juu yake, ikishavuka kiwango fulani cha mapato na cha usakinishaji, ingetozwa kila mara inaposakinishwa kwenye simu au kompyuta. Kwa wanaotumia leseni ya bure, kiwango kilikuwa dola 200,000 za Marekani ndani ya miezi 12 pamoja na usakinishaji 200,000. Ukivuka vyote viwili, kila usakinishaji mpya katika nchi tajiri ungekugharimu senti 20. Kwa wachezaji wa nchi kama zetu ilikuwa senti 2.

Senti 20 ni hela ndogo mpaka uizidishe. Chukua gemu ya simu isiyolipiwa, inayoishi kwa matangazo tu. Imekwisha kuvuka usakinishaji 200,000, na kwa mwaka imeingiza dola 210,000, fedha ambazo studio ya watu watatu Dar es Salaam au Nairobi ingezifanyia sherehe. Mara inapendwa Marekani na Ujerumani, watu milioni moja wanaipakua, na wengi wao wanaicheza siku mbili kisha wanaifuta. Bili ya Unity kwa wageni hao peke yake ni dola 200,000. Mafanikio yenyewe ndiyo yangekufilisi.

Lakini si bei iliyowauma zaidi watengenezaji. Kilichowauma ni kwamba ada hiyo ingezigusa hata gemu zilizokwisha kutoka, zilizotengenezwa na watu waliokubali masharti mengine kabisa. Mwaka 2019, baada ya mvutano wake na kampuni ya Improbable, Unity yenyewe ilikuwa imewahakikishia wateja kwamba mtu akibaki na toleo lake la zamani la injini ataendelea kulindwa na masharti ya toleo hilo. Miaka minne baadaye ahadi hiyo ilionekana haina uzito. Studio zilizotumia miaka mitatu au minne kwenye mradi mmoja zilijikuta zinaulizana: je, gemu hii ni yetu kweli?

Ghadhabu ilikuwa kubwa na kampuni ikarudi nyuma haraka. Tarehe 22 Septemba ilipunguza makali: leseni ya bure iliondolewa kwenye ada hiyo, na wengine wakawekewa ukomo wa asilimia 2.5 ya mapato. Tarehe 9 Oktoba mkuu wa kampuni, John Riccitiello, akaondoka. Mwaka mmoja kamili baada ya tangazo la kwanza, tarehe 12 Septemba 2024, ada ikafutwa moja kwa moja. Imani haikurudi kwa kasi hiyo. Mega Crit, waliotengeneza Slay the Spire, walihamia injini nyingine kwa gemu yao ya pili.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha wazi jambo ambalo kijana anayejifunza kutengeneza gemu huliona mwisho, akiwa amechelewa. Chini ya kila gemu kuna karatasi. Kuna leseni ya injini, leseni ya programu ya kuchorea, leseni ya fonti, leseni ya mlio wa risasi, na mkataba wa ajira au wa mteja. Karatasi hizo ndizo zinazoamua gemu ni ya nani, hata ukiwa mchoraji hodari kiasi gani.

Watu wakisikia mtengenezaji huru humfikiria kijana mmoja chumbani na kompyuta yake. Wakisikia wataalamu wa gemu hufikiria ghorofa lenye wafanyakazi mia tano. Kipimo hicho hakifai. Eric Barone wa Marekani alifanya kazi peke yake kwa zaidi ya miaka minne. Picha alichora mwenyewe, muziki alitunga mwenyewe, msimbo aliandika mwenyewe, na jioni alikuwa akipokea watu mlangoni kwenye ukumbi wa maonyesho mjini Seattle ili apate chochote. Stardew Valley ilitoka tarehe 26 Februari 2016, na kufikia mwisho wa 2024 nakala zaidi ya milioni 41 zilikuwa zimeuzwa. Huwezi kumwita mtu huyo si mtaalamu.

Sasa mtazame Hideo Kojima wa Japani. Alianzisha Metal Gear mwaka 1987 akiwa mwajiriwa wa Konami, na kwa karibu miaka thelathini jina lake na la gemu hiyo vilitamkwa pamoja. Alipoondoka mwaka 2015, Metal Gear ilibaki Konami. Mwaka 2018 kampuni ikatoa Metal Gear Survive bila yeye, na hakuwa na la kudai. Alikuwa ameajiriwa, na kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri.

Hapo ndipo mstari ulipo. Mtengenezaji huru anamiliki kazi yake na anabeba hasara yake mwenyewe. Anayefanya kazi ya ajira analipwa mshahara hata gemu ikianguka, na kwa mshahara huo amekwisha kuuza kazi yake kabla hajaifanya. Njia zote mbili ni za heshima. Ubaya ni kuwa kwenye moja huku unadhani uko kwenye nyingine, na hilo ndilo linalowapata vijana wetu wengi wanaofanya kazi za kuagizwa. Benki inataka gemu ya kufundisha watoto kuweka akiba. Shirika linataka gemu ya kampeni ya chandarua. Kijana anatengeneza, analipwa, kisha miezi sita baadaye anataka kutumia wahusika wake kwenye gemu nyingine. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 inachukulia kwamba kazi iliyoagizwa, kama ile iliyofanywa ndani ya ajira, imehamia kwa aliyeagiza au mwajiri, isipokuwa makubaliano yaseme vingine. Kijana asipoandika chochote, sheria imekwisha kumwandikia.

Leseni ya injini nayo ina macho yake ya kumtazama mtengenezaji, na macho hayo hayajali kama unajiita huru au mtaalamu. Yanatazama fedha. Utaratibu huu ni mpya kiasi. Wesley Kirinya wa Kenya alipotoa The Adventures of Nyangi mwaka 2007, Unity ya bure haikuwepo kabisa. Ilikuja Oktoba 2009. Hata ilipokuja, leseni ya bure ilikosa vitu vingi vilivyowekewa wanaolipa, na jicho zoefu liliweza kuitambua gemu ya mnyonge kwa kuangalia vivuli tu. Mwaka 2015, na toleo la tano, vitu hivyo vikafunguliwa kwa wote, na tofauti ikawa mapato: chini ya dola 100,000 kwa mwaka hulipi, juu ya hapo unalipa kwa kila mtu anayetumia injini. Kiwango hicho kimepandishwa hadi 200,000. Kuanzia Januari 2025 leseni ya kulipia ilikuwa dola 2,200 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Kwa bei hiyo, timu ya watu watano iliyovuka mstari ilihitaji kuweka kando dola 11,000.

Neno mapato linahitaji kusomwa polepole. Katika masharti ya Unity, hesabu haiishii kwenye mauzo ya gemu. Fedha ulizochangiwa au kupewa na wawekezaji zimo. Na ukifanya kazi kwa ajili ya mtu mwingine, fedha zinazohesabiwa ni za huyo mtu mwingine. Rudi kwa yule kijana wa benki. Yeye mwenyewe mwaka mzima hajaingiza hata dola 5,000, lakini mteja wake ni benki yenye mabilioni. Hastahili leseni ya bure kwa kazi hiyo, na gharama ya leseni ilipaswa kuwemo kwenye bei aliyoitaja siku ya kwanza. Sehemu hii ya masharti ingefaa kubandikwa ukutani katika kila kituo cha ubunifu kuanzia Kampala hadi Mombasa.

Unreal, injini ya Epic Games, inafuata njia ya mrabaha. Mwaka 2014 ilikuwa dola 19 kwa mwezi na asilimia 5 ya mapato. Mwaka 2015 malipo ya mwezi yaliondolewa. Mwaka 2020 wakasema dola milioni moja za kwanza za kila gemu hazitozwi. Gemu ikiingiza dola 1,200,000, asilimia 5 inakatwa kwenye zile 200,000 za juu, yaani dola 10,000. Kwa anayeanza ni masharti mepesi sana. Ila kumbuka ni asilimia ya mapato ghafi, kabla duka la mtandaoni la Steam halijakata asilimia 30 yake na kabla mamlaka ya mapato haijaja.

Kama unadhani kampuni kubwa zina wanasheria na kwa hiyo mambo haya hayazipati, soma habari za Silicon Knights wa Kanada. Studio hii ilikuwa na jina. Ilichukua leseni ya Unreal Engine 3 ili itengeneze Too Human, kisha mwaka 2007 ikaishtaki Epic, ikidai injini ilicheleweshwa huku Epic ikiitumia kujitengenezea Gears of War. Silicon Knights ikasema imeamua kuandika injini yake yenyewe. Epic ikajibu kwa kuishtaki nayo: injini hiyo mnayoiita yenu imejaa msimbo wetu. Wataalamu wakaweka misimbo miwili sambamba na kusoma mstari kwa mstari. Maelfu ya mistari yalifanana, mpaka maelezo ambayo waandishi wa msimbo wa Epic walikuwa wamejiandikia wenyewe, na hata makosa yao ya tahajia.

Mwezi Mei 2012 baraza la mahakama liliipa Epic dola milioni 4.45. Novemba mwaka huo hakimu akaamuru jambo ambalo mtengenezaji yeyote akilisoma tumbo linamkata: nakala zote ambazo hazijauzwa za Too Human na X-Men: Destiny, pamoja na kila msimbo uliotokana na injini hiyo, viharibiwe. Miaka ya kazi ya mamia ya watu, waliochora kwa haki na kutunga kwa haki, iliondolewa kwa sababu ya tabaka la chini walilolikuta limewekwa na wengine. Mwaka 2014 Silicon Knights ilifilisika.

Hilo ni sawa na kujenga nyumba ya ghorofa kwenye kiwanja cha watu. Tofali ni zako, fundi umemlipa wewe, lakini hati iko kwa mwingine.

Kuna kiwanja cha namna nyingine. Mwaka 2014 Waajentina wawili, Juan Linietsky na Ariel Manzur, waliitoa injini yao, Godot, iwe programu huria chini ya leseni ya MIT. Leseni yenyewe ina maneno yasiyofika 200 ya Kiingereza. Nimeisoma na vijana darasani, inasomeka kabla chai haijapoa. Inasema tumia, nakili, badilisha, uza. Sharti ni moja: tangazo la hakimiliki na maandishi ya leseni yaambatane na kazi. Kisha inasema kwa herufi kubwa kwamba hakuna dhamana. Injini ikiharibika usimlaumu aliyeiandika. Hakuna mapato yanayohesabiwa wala mtu wa kumwomba ruhusa.

Uzuri wake mkubwa uko kwenye muda. Wenye Godot wakiamka kesho na kuamua toleo lijalo liwe la kulipia, toleo ulilo nalo leo linabaki chini ya MIT, na yeyote anaweza kuliendeleza. Ndiyo maana Septemba 2023, siku zilezile za ghadhabu, Re-Logic walioitengeneza Terraria waliichangia Godot dola 100,000, na mradi mwingine huria uitwao FNA dola 100,000 nyingine, na kuahidi dola 1,000 kila mwezi kwa kila mmoja. Re-Logic hawakuwa wakitumia Unity kwa gemu yao kuu. Waliona tu hatari iko wapi.

Hata Stardew Valley ina somo hapa. Barone aliijenga juu ya XNA, zana ya Microsoft. Mwaka 2013 Microsoft ilijulisha kwamba haitaiendeleza tena, wakati gemu yake ingali jikoni. Kilichoiokoa kwa muda mrefu ni MonoGame, mradi huria ulioandikwa na watu wa kujitolea ili ufanye kazi kama XNA. Mwaka 2021 Stardew Valley ilihamishiwa huko rasmi. Mtu mmoja mwenye gemu ya mamilioni aliokolewa na leseni ya wazi ya watu asiowajua.

Programu huria nazo hazifanani, na ni lazima nizitenganishe. MIT haidai chochote kuhusu msimbo wako. GPL inadai: ukichukua kipande cha msimbo wa GPL ukakiunganisha ndani ya gemu yako kisha ukaisambaza, aliyeipata ana haki ya kupata msimbo wako pia, kwa masharti yaleyale. Kwa gemu unayotaka kuuza huku msimbo ukiwa siri, hiyo ni sababu ya kusimama na kufikiri. Id Software walitoa msimbo wa gemu yao Doom mwaka 1997 na baadaye wakauweka chini ya GPL, lakini ramani, mazimwi na sauti havikutolewa. Hadi leo hivyo ni mali. Msimbo na sanaa ni vitu viwili mbele ya sheria, na kila kimoja kinaweza kuwa na karatasi yake.

Hofu ya GPL huwafanya wengine waiogope hata Blender, na hapo wanakosea. Blender ni programu ya kuchorea maumbo ya pande tatu. Mwaka 2002 kampuni iliyokuwa ikiimiliki ilianguka, na Ton Roosendaal akawaomba watumiaji euro 100,000 ili ainunue kutoka kwa wawekezaji. Zilipatikana ndani ya wiki saba, na Oktoba mwaka huo ikatolewa chini ya GPL. Leseni hiyo inahusu programu yenyewe. Simba unayemchora ndani ya Blender ni wako asilimia mia, umuuze unavyotaka.

Sitaki nikufiche gharama ya njia hii. Nintendo, Sony na Microsoft huwapa zana za konsoli zao wale tu waliosaini mkataba wa usiri. Injini ambayo msimbo wake uko wazi kwa dunia nzima haiwezi kubeba ndani yake msimbo ambao wenyewe wamesema usionekane. Kwa hiyo gemu ya Godot ikitaka kuingia Switch au PlayStation, unatafuta kampuni ya kukuhamishia au unaandika sehemu hiyo mwenyewe ukishakubaliwa. Unity na Unreal wana njia iliyokwisha kutengenezwa. Studio yenye mkataba wa konsoli mkononi ina sababu nzuri ya kuzichagua, mradi imesoma inachosaini.

Karatasi ndogo hunasa watu kuliko zile kubwa. Leseni ya mwanafunzi ya baadhi ya programu za kuchorea ni ya kujifunzia tu. Kazi iliyofanywa humo haiuzwi. Muziki wenye alama ya Creative Commons isiyoruhusu biashara hauingii kwenye gemu yenye matangazo, hata kama gemu yenyewe ni ya bure, kwa sababu matangazo ni biashara. Fonti uliyoikuta kwenye kompyuta inaweza kuwa na ruhusa ya kuandikia barua na isiwe na ruhusa ya kupakiwa ndani ya programu. Fonti zilizo chini ya leseni ya SIL Open Font hazina tatizo hilo, na ziko nyingi zenye sura nzuri.

Halafu kuna mazoea yetu. Katika maduka ya kompyuta ya miji yetu mtu anapigiwa window, anawekewa na Photoshop iliyokrakiwa, anaondoka na mashine imejaa programu ambazo hakuna aliyezilipia. Naelewa ilivyoanza. Programu inayouzwa kwa mshahara wa miezi mitatu haikuwa imewafikiria watu wa kipato chetu. Lakini gemu ikianza kuonekana, mchapishaji atakuletea mkataba wenye kifungu cha dhamana: unathibitisha kwamba kila kilichomo ni chako au una leseni yake, na kikitokea kinyume utafidia wewe. Ukisaini huku picha zako zimetoka kwenye programu ya kuiba, umeweka rehani kila ulicho nacho. Usiposaini, dili limekufa. Zamani mtu angeweza kusema hana njia nyingine. Leo Blender, Krita, GIMP, Audacity na Godot zinapatikana bure, kihalali, na zinafanya kazi kwenye kompyuta ya kawaida.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa anayeanza bila mtaji ni huu. Anza na injini ambayo leseni yake haiwezi kubadilishwa nyuma ya mgongo wako. Siku ya kwanza ya mradi, kabla ya mstari wa kwanza wa msimbo, tengeneza faili moja la maandishi. Kila unapoingiza kitu ndani ya gemu, iwe mlio wa mlango au picha ya mti, andika humo jina lake, nani alikitengeneza, umekitoa wapi, lini, na leseni gani. Nakala ya leseni iwe kwenye folda hiyohiyo, maana masharti ya mtandaoni hubadilishwa. Ukichagua Unity au Unreal, hifadhi masharti ya siku uliyoanza. Ukipata kazi ya mteja, sema kwa maandishi nani anabaki na wahusika, nani anabaki na msimbo, na nani analipia leseni ya injini. Fanya hivyo hata kama mteja ni mjomba wako. Ukiwa na maswali ya hakimiliki, ofisi zipo: KECOBO Nairobi, COSOTA Dar es Salaam, COSOZA Zanzibar. Nenda ukaulize ukiwa bado hujasaini.